Uwanja wa ndege wa Goma: pisti fupi, lava, na bei isiyoandikwa kwenye tiketi

Goma, Novemba 2025

Mtoto aliyekulia Birere, Mapendo au Majengo hakuhitaji kuinua kichwa ili ajue ndege gani inapita. Antonov ilikuja na mngurumo mzito uliotikisa mabati ya nyumba. Let 410 ilipita na sauti nyembamba kama ya mashine ya kusaga unga. Jeti ya Kinshasa ilisikika mara moja tu, kwa nguvu, halafu ikapotea upande wa ziwa. Ndege nyeupe za Umoja wa Mataifa tulizijua kwa saa zake. Hakuna mwalimu aliyetufundisha hayo. Tulisimama kando ya uzio tukitoka shule, tukabishana ni ipi inabeba tani nyingi zaidi, na aliyekosea alichekwa mpaka nyumbani.

Katika nchi nyingine kuna watu wazima wanaofanya kazi hiyo kwa mapenzi. Wana kamera, wana daftari, wanaandika namba za mkia wa kila ndege, na wana vyama vyao. Sisi hatukuwa na jina la mambo hayo, lakini tuliyafanya kila siku. Leo wadogo zetu hawana cha kubishania. Tangu wapiganaji wa M23 walipoingia mjini tarehe 27 Januari 2025 na kuuchukua uwanja, hakuna ndege ya abiria inayotua hapa. Mwisho wa Oktoba, kwenye mkutano wa Paris, Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa alitangaza kwamba uwanja wa Goma utafunguliwa kwa ndege za misaada katika wiki zijazo. AFC/M23 ikakataa, ikisema haikushirikishwa. Kwa hiyo tunangoja tena.

Wakati tunangoja, nimeona ni vema tukumbushane historia ya uwanja huu. Watu wengi wanauliza utafunguliwa lini na nani atashika funguo. Hayo ni maswali ya haki. Lakini kuna swali la tatu ambalo mji huu umelilipia kwa damu, na naogopa litasahauliwa siku ile ndege ya kwanza itakapotua na watu wakaanza kupiga makofi.

Mji ulio mbali na kila kitu

Kutoka Goma hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa mstari wa ndege. Kwa gari, safari hiyo haina jibu. Barabara zinakatika porini, madaraja yameoza, na vita vinafunga njia zilizobaki. Tangu zamani za ukoloni, anayetaka kuiunganisha nchi hii anatazama juu. Mwaka wa 1925 Mbelgiji Edmond Thieffry aliruka na wenzake kutoka Brussels mpaka Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Walitumia siku 51. Safari hiyo iliwafungulia Wabelgiji macho kwamba Kongo itatawaliwa na kufanyiwa biashara kwa ndege.

Baada ya uhuru ilizaliwa Air Congo, mwaka wa 1961. Ikaitwa Air Zaïre mwaka wa 1971, pamoja na mto na nchi yenyewe. Wazee wa Goma wanaikumbuka kwa fahari. Wakati huo mji wetu ulikuwa wa watalii waliokuja kuona sokwe na volkano katika Hifadhi ya Virunga. Kampuni ndogo kama TMK, iliyokuwa na makao yake hapa hapa, zilihudumia Kivu. Lakini Air Zaïre iliendeshwa kwa amri za wakubwa, na ilipofika mwaka wa 1995 ilifilisika. Nafasi yake ilichukuliwa na kampuni za watu binafsi, nyingi zikiwa na ndege chache na za zamani.

Pisti ya Goma, yaani njia ya kurukia ndege, ilikuwa na urefu wa mita 3,000. Baadhi ya watu walidhani ni sifa tu. Haikuwa sifa. Goma iko juu ya usawa wa bahari kwa mita zaidi ya 1,500, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 14. Bawa la ndege linabebwa na hewa, na injini inakula hewa. Hewa ikiwa nyepesi, ndege inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kupaa, na injini inatoa nguvu kidogo. Jua likiwaka mchana hali inakuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo mita zile 3,000 zilikuwa za lazima kwa ndege kubwa iliyojaa.

Tena uwanja umebanwa. Kaskazini kuna mlima Nyiragongo. Kusini kuna Birere, na baada ya Birere kuna ziwa. Ndege nyingi zinatua zikitoka upande wa ziwa na kuruka zikielekea ziwa hilo hilo. Kwa maneno mengine, karibu kila ndege inayoondoka Goma inapita juu ya paa za watu ikiwa imejaa mafuta.

Mwaka ambao dunia nzima ilitua hapa

Mwezi wa 6 mwaka wa 1994 jeshi la Ufaransa lilifanya Goma kuwa mlango wa operesheni yake ya Turquoise, wakati mauaji ya kimbari ya Watutsi yakiendelea Rwanda. Mwezi wa 7, kwa siku chache tu, wakimbizi zaidi ya laki nane walivuka mpaka na kumwagika Goma. Kisha kipindupindu kikaanza. Ardhi yetu ni mawe ya lava na makaburi hayakuchimbika, maiti zikapangwa kando ya barabara.

Hapo ndipo uwanja wetu ulipoona ndege ambazo watoto wa mji hawakuwahi kuota. Zilikuja Antonov 124, miongoni mwa ndege kubwa kuliko zote za mizigo duniani. Marekani ilileta C-5 Galaxy, moja ikiwa na mitambo ya kusafisha maji. Zilitua kwa sababu pisti ilikuwa ndefu.

Waliokuwa watoto mwaka ule wanakumbuka mambo mawili kwa pamoja: harufu ya kifo barabarani na uzuri wa zile ndege. Mtu asishangae. Mtoto ana macho mawili.

Vita na madini

Tarehe 4 Agosti 1998 uwanja wa Goma uliingia katika historia ya kivita. Vita vya pili vilikuwa vimeanza siku mbili tu. James Kabarebe, ambaye muda mfupi kabla alikuwa mkuu wa majeshi ya Kongo chini ya Laurent-Désiré Kabila, aliongoza kikosi kilichochukua ndege za abiria kwa nguvu uwanjani hapa, wakapakia askari, wakaruka mpaka Kitona karibu na bahari ya Atlantiki, upande wa pili kabisa wa nchi. Askari walisafirishwa hivyo ili waishambulie Kinshasa kutoka nyuma. Operesheni hiyo ilishindwa baada ya Angola na Zimbabwe kuingilia, lakini tulijifunza jambo: anayeshika pisti ya Goma ana mkono mrefu.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya koltani na kasiteriti. Bei ya koltani ilipopanda duniani mwaka wa 2000, ndege ndogo zilianza kuingia na kutoka kama nyuki. Baadaye ukaja mgodi wa Bisie, wilayani Walikale. Wachimbaji walibeba magunia ya kasiteriti ya kilo 50 kichwani na mgongoni, wakatembea msituni mpaka barabarani. Kutoka hapo mzigo ulipelekwa Kilambo, ambapo hapakuwa na uwanja wa ndege. Palikuwa na kipande cha barabara ya lami. Magari yalisimamishwa, ndege ikatua juu ya barabara, ikapakia, ikaruka kuja Goma. Ilirudi na bia, mchele, unga, sabuni na nguo.

Hiyo ndiyo hesabu ya usafiri wa ndege ambayo haifundishwi shuleni. Mahali pasipo na barabara, kilo moja ya chumvi inapanda ndege. Bei ya chumvi sokoni Walikale ilikuwa na mafuta ya ndege ndani yake. Rais Joseph Kabila aliposimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, kutoka Septemba 2010 hadi Machi 2011, madini si kitu pekee kilichokwama. Ndege iliyokuwa inaleta sabuni ililipwa na kasiteriti. Kasiteriti ikikosa, sabuni nayo haiji.

Lava yakata pisti

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka. Nyufa zilifunguka ubavuni mwa mlima mpaka karibu na kijiji cha Munigi, nyuma ya uwanja. Lava ilishuka mjini, ikala makumi ya mitaa, ikaingia ziwani. Watu laki kadhaa walikimbia, wengi wakaenda Gisenyi. Lava ikapita juu ya sehemu ya kaskazini ya pisti. Karibu theluthi moja ya mita 3,000 ilifunikwa na mwamba mweusi. Jengo la abiria na maegesho ya zamani, yaliyokuwa upande huo, yalitengwa na pisti iliyobaki.

Yaliyobaki ni kama mita 2,000. Kwenye usawa wa bahari, mita 2,000 zinatosha ndege nyingi za kati. Hapa kwetu, kwa sababu zile nilizoeleza, ni kitu kingine. Na ule mwisho wa kaskazini haukuwa na nyasi ambayo ndege inaweza kuteleza juu yake ikashindwa kusimama. Ulikuwa na ukuta wa mawe.

Ungedhani baada ya hapo ndege kubwa zingekatazwa. Lakini mji ulikuwa unahitaji chakula, wafanyabiashara walihitaji bidhaa, mashirika ya kiutu yalihitaji njia, na serikali ilihitaji kodi. Ndege ziliendelea kuja, nyingi zikiwa zilezile za kabla ya lava. Pisti ilifupishwa na volkano kwa siku moja. Kuirefusha tena kulichukua miaka mingi.

Majina ya siku zile

Septemba 2007, Antonov 12 iliyotoka Kisangani na shehena ya mafuta ya mawese ilitua, haikuweza kusimama, ikagonga lava, ikaungua.

Tarehe 15 Aprili 2008, mchana, DC-9 ya Hewa Bora Airways ilikuwa inaondoka kwenda Kisangani na Kinshasa ikiwa na watu 94. Ilishindwa kupaa. Pisti ikaisha, na ndege ikaingia Birere, katikati ya maduka na nyumba. Watu wapatao 40 walikufa. Sehemu kubwa ya waliokufa hawakuwa abiria. Walikuwa wanauza, wananunua, wanapika, wanabeba mizigo kwa chukudu. Siku nne kabla ya hapo, Umoja wa Ulaya ulikuwa umeiingiza Hewa Bora katika orodha ya kampuni zilizopigwa marufuku kuruka Ulaya. Takriban kampuni zote nyingine za Kongo zilikuwa ndani ya orodha hiyo tangu mwaka wa 2006. Marufuku ilimlinda mkaaji wa Brussels. Mkaaji wa Birere hakuwa na orodha yake.

Nakumbuka moshi ule. Nakumbuka watu wakikimbilia moto badala ya kuukimbia, kwa sababu kila mmoja alikuwa na ndugu Birere. Nakumbuka pia kwamba mimi, niliyejiona bingwa wa kutambua ndege kwa sauti, nilikuwa nimeisikia ile DC-9 ikianza kukimbia na nilijua kabla ya mlio kwamba sauti haikuwa sawa. Tangu siku hiyo sikubishana tena na wenzangu kando ya uzio.

Tarehe 19 Novemba 2009 MD-82 ya Compagnie Africaine d'Aviation ilipitiliza pisti wakati wa kutua na kukwama kwenye lava. Abiria waliumia, lakini safari hii Mungu alisaidia, hakuna aliyekufa. Tarehe 4 Machi 2013 Fokker 50 ya kampuni hiyohiyo, ikitoka Lodja, ilianguka mjini katika hali mbaya ya hewa ikikaribia kutua, na wengi wa waliokuwa ndani walikufa.

Tarehe 24 Novemba 2019, asubuhi ya Jumapili, Dornier 228 ya kampuni ya Busy Bee iliruka kwenda Beni na Butembo. Dakika chache haikufikisha. Iliangukia nyumba za Mapendo, karibu na pale pale pa mwaka 2008. Wote waliokuwa ndani walikufa, na chini pia kukafa watu waliokuwa nyumbani kwao.

Jambo hili si la Goma peke yake. Kinshasa wanakumbuka soko la Simbazikita, ambapo Antonov 32 iliyokuwa ikijaribu kuruka kutoka uwanja wa N'Dolo tarehe 8 Januari 1996 iliingia sokoni na kuua mamia. Mara nyingi katika nchi yetu ajali ya ndege inaua wale ambao hawajawahi kununua tiketi.

Kwa nini ndege za zamani?

Watu wanauliza kila mara: kwa nini wenye kampuni wasinunue ndege mpya? Jibu la haraka ni uroho. Uroho upo, lakini hautoshi kueleza kila kitu.

Ndege mpya ni ghali kununua au kukodi, na inalipa deni lake kwa kuruka saa nyingi kila siku. Kwa miaka mingi uwanja wetu ulifanya kazi mchana tu, na jua likizama kazi imekwisha. Safari zetu ni fupi: Bukavu, Beni, Butembo, Walikale, Kisangani. Muda mwingi unapotea chini, katika kupakia na kupakua. Viwanja vingine ni vya udongo na mawe yanayopasua matairi. Ndege mpya katika hali hiyo haiwezi kulipa deni. Ndege ya miaka 30 haina deni. Bei yake ya kununua ni ndogo, na fundi aliyezoea anaifahamu kama mke wa nyumbani anavyofahamu mbabula yake. Gharama yake kubwa ni mafuta, na mafuta yetu yanatoka Mombasa au Dar es Salaam kwa malori, yakivuka mipaka na vizuizi.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme safari moja ya ndege ya viti 19 inagharimu dola 3,000, ukiweka mafuta, mishahara, matengenezo na kodi. Viti vyote vikijaa, kila abiria anabeba dola 158. Wakija 10 tu, kila mmoja anabeba dola 300, na hapo hakuna atakayenunua. Kwa hiyo mwenye ndege ataingoja ijae. Ikijaa, kila kilo ya ziada ya mzigo ni faida tupu. Hapo ndipo mizani inapoanza kudanganywa. Mfuko mmoja wa maharagi, katoni mbili za makayabu, mtu mmoja wa jamaa ya mkubwa. Kila kilo inayoongezwa inaomba mita za pisti, na mita hizo lava ilizichukua.

Abiria naye anapanda kwa sababu gani? Si kwa anasa. Barabara ya Goma kwenda Butembo na Beni imekuwa ya mateka na risasi kwa miaka mingi. Mama mfanyabiashara anayelipa tiketi ya Beni anafanya hesabu yake: kati ya barabara na ndege, wapi nitakufa kwa urahisi zaidi? Kwenda Bukavu ana ziwa, ana meli na mitumbwi ya injini, ambayo nayo imezama mara nyingi. Kwa hiyo anapanda ndege, anafanya ishara ya msalaba au anasema Bismillahi, na anafunga mkanda.

Halafu kuna Go Pass. Tangu mwaka wa 2009 kila abiria alilipa dola 10 kwa safari ya ndani na dola 50 kwa safari ya nje, juu ya tiketi, na sababu iliyotolewa ni kujenga upya viwanja vya ndege. Pesa ya kutengeneza pisti ilitoka mfukoni mwa abiria kila siku. Kila aliyelipa dola 10 ile Goma ana haki ya kuuliza ilijenga nini.

Mizoga uwanjani

Kwa miaka mingi baada ya lava, kando ya uwanja palikuwa na makaburi ya ndege: jeti za zamani zilizokufa, zikiwa hazina injini, hazina vioo. Watoto wa mitaa ya jirani walizifanya uwanja wa kuchezea. Walipanda juu ya mabawa, wakateleza, wakakaa ndani ya chumba cha rubani na kuruka kwa midomo yao mpaka Ulaya. Wapiga picha wa nje walipenda sana mandhari hiyo, na picha zao zilizunguka dunia.

Wengine walichokonoa aluminiamu na kuiuza kwa mafundi wa sufuria. Kwa hiyo kuna nyumba mjini hapa ambazo sombe yao imepikwa ndani ya kipande cha Boeing. Watu wa kamera na daftari wangelia wakisikia hivyo, kwa sababu kwao ndege ya zamani ni kitu cha makumbusho. Kwetu ilikuwa shule, uwanja wa michezo na duka la vyuma kwa wakati mmoja.

Matengenezo, na kufungwa tena

Mwaka wa 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 52 kwa mradi wa usalama wa uwanja wa Goma. Lava iliondolewa, pisti ikarudishiwa sehemu ya urefu wake, uzio na mnara wa kuongozea ndege vikashughulikiwa. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, mtu aliweza kusema kwamba uwanja unakwenda mbele. Ethiopian Airlines ilianza kutua hapa, na mkaaji wa Goma aliweza kufika Addis Ababa bila kwanza kulala Kigali au Kinshasa.

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipasuka tena. Lava ilishuka usiku mpaka Buhene na kusimama karibu na uwanja. Safari hii pisti iliponea chupuchupu. Ndege zilisimama siku kadhaa, kisha zikarudi.

Vita havikusimama karibu namna hiyo. M23 waliwahi kuuchukua mji tarehe 20 Novemba 2012 na kuondoka tarehe 1 Desemba. Mwaka huu waliingia tarehe 27 Januari na hawajaondoka. Katikati ya Februari uwanja wa Kavumu, unaohudumia Bukavu, nao ulichukuliwa. Kinshasa ikafunga anga yake kwa ndege za Rwanda. Sasa mgonjwa wa Goma anayetafuta daktari bingwa Kinshasa anavuka mpaka, anakwenda kwa barabara mpaka Kigali au Entebbe, kisha anazunguka kwa ndege za nje ili afike katika mji mkuu wa nchi yake. Dawa za hospitali zinapita njia hiyohiyo ndefu.

Upande mmoja unasema uwanja ni wa dola na hauwezi kufunguliwa bila mamlaka ya dola. Upande mwingine unasema anayeushika ndiye wa kuulizwa. Mimi si hakimu wao. Ninachokiona kutoka huku chini ni kwamba uwanja umerudi kuwa kile ulichokuwa mwaka wa 1998: kitu cha kushikia mwenzako koo.

Swali la tatu

Nilisema kuna swali la tatu. Ndilo hili: siku ndege zitakaporudi, zitaruka juu ya nani, na kwa masharti gani?

Mashirika ya kiutu yatakuja na haraka yao, na ni haki, kwa sababu watu wanaumwa. Wafanyabiashara watakuja na mizigo iliyorundikana. Wenye ndege watatoa mashine zilizokaa muda mrefu bila kazi, na ndege iliyokaa bila kuruka inahitaji ukaguzi zaidi, si kidogo. Kila mtu atataka ya kwanza ijae. Hayo yote tuliyaona baada ya lava ya 2002. Haja ilikuwa kubwa, pisti ilikuwa fupi, na wakubwa walisema tutarekebisha baadaye. Baadaye ilifika tarehe 15 Aprili 2008.

Kwa hiyo mambo matatu madogo yaulizwe mapema, na yaulizwe na sisi wakaaji, yeyote atakayekuwa ameshika mamlaka. La kwanza, mizani: kila ndege inayoondoka ipimwe, na uzito wa juu kabisa kwa urefu wa pisti hii na mwinuko huu ubandikwe mahali ambapo abiria anauona. La pili, mwisho wa pisti upande wa Birere: paachwe nafasi ya ndege kusimama ikishindwa kupaa, na watu wanaoishi hapo wahamishwe kwa fidia ya kweli, si kwa tingatinga la usiku. La tatu, kumbukumbu: majina ya waliokufa chini, mwaka 2008 na 2019, yaandikwe mahali. Abiria wanaandikwa kwenye orodha ya ndege. Mama aliyekuwa anauza nyanya hakuandikwa popote.

Mtu anaweza kusema kwamba mji ulio na njaa hauwezi kuchagua. Nami nasema mji wenye njaa ndio unaohitaji ndege zinazofika. Ndege inayoanguka Mapendo haileti dawa Beni.

Jioni hizi, vijana bado wanakaa karibu na uzio wa uwanja, kwa mazoea tu. Wanaongea juu ya mpira, juu ya benki zilizofungwa, juu ya nani ameondoka. Juzi helikopta ilisikika mbali, upande wa Rwanda, na wote walinyamaza wakageuza vichwa. Mmoja akataja aina yake. Mwingine akakataa. Wakaanza kubishana kama sisi zamani.